Magoti Nyuma ya Kaunta

Siku ile ya mahafali tulikuwepo sisi hawa. Mimi, kaka mkubwa, ndani ya koti la kuazima lililonipwaya mabegani. Mdogo wangu anayenifuata, mwenye siku yake, ndani ya joho jeusi. Kitinda mimba wetu, msichana wa sekondari, aliyeruhusiwa kutoka shuleni kwake kwa sharti la kurudi kesho yake na fagio jipya. Jirani yetu wa mtaani kwetu Katandala, mama mzee ambaye sisi watatu tunamwita Bibi ingawa hatuna naye undugu wa damu. Alikuwa amejifunga kitenge kipya juu ya cha zamani kwa sababu ya upepo. Mwenye mashine ya kusaga ninayoiendesha, na kanzu yake nyeupe. Alikuwa ameifunga mashine tangu asubuhi, jambo ambalo wateja wake wamezoea kuliona siku ya Idi tu. Na mwalimu wa mapokezi, mwanamke mrefu mwenye sauti kavu, aliyesimama mlangoni mwa ukumbi wa chuo akiwaonyesha wageni viti.

Hao ndio waliokuwa watu wetu. Kwa watu hao mdogo wangu alikuwa tajiri kuliko wengi waliokuja na magari.

Mama alipomfuata baba kaburini, mimi nilikuwa kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza shule. Nilikuwa nimekaa jikoni kwa Bibi nikiwaangalia wadogo zangu wakila ugali ambao hatukuupika sisi, nikaona kwamba mmoja wetu lazima aanze kuuleta huo unga, na mwenye mabega ya kubeba gunia nilikuwa mimi. Basi nikaenda kubeba magunia pale mashineni. Baadaye mwenye mashine akanifundisha kuendesha, akaona sipotezi mikanda wala sichanganyi unga wa watu, akaniachia funguo. Tangu hapo nyusi zangu ni nyeupe mwaka mzima.

Chakula nililisha mimi. Adabu alilisha Bibi. Yeye ni Mfipa wa vijijini, wa zamani, aliyehamia mjini na mila zake zote ndani ya kikapu. Kwake mtoto hamsalimii mkubwa akiwa amesimama kama mti. Unashuka chini, unapiga magoti, unapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa kidogo, unatoa shikamoo, halafu unauliza habari za nyumbani, za watoto, za shambani, za mifugo, na hunyanyuki mpaka mkubwa amalize na yeye kukuuliza. Mdogo wangu alilishika hilo kuliko sisi wote. Sokoni watu walikuwa wakisema, yule binti wa mashineni amelelewa. Nilikuwa nikisikia hivyo gunia linakuwa jepesi mgongoni.

Alipomaliza kidato cha nne, matokeo hayakumpeleka kidato cha tano, ila yalitosha kumwingiza chuo cha uhazili pale mjini. Kile chuo kinafundisha kazi za ofisini: kupiga chapa kwenye kompyuta bila kuangalia vidole, hatimkato, kutunza majalada, kupokea wageni na simu. Nilipenda akirudi jioni na kuniambia mambo yake. Alikuwa akipiga chapa juu ya meza ya kulia, vidole vikicheza kwenye mbao tupu, huku kitinda mimba akimsomea gazeti la kufungia maandazi. Kuchapa, alikuwa wa kwanza. Majalada, wa kwanza. Nikajiambia huyu tayari ameshaketi ofisini.

Kisha ukaja mtihani wa vitendo wa mapokezi, akafeli.

Niliitwa chuoni na mwalimu wa mapokezi. Nilikwenda nimejikung'uta lakini unga haukuisha.

"Nimeita mzazi," mwalimu alisema.

"Ndiye mimi."

"Wewe? Una miaka mingapi?"

"Ya kutosha, mwalimu. Nimemlea."

Aliniangalia, akavuta kiti akanipa, akanieleza. Katika mtihani ule mwanafunzi anakaa nyuma ya kaunta kama yuko ofisini. Mtahini anaingia kama mgeni. Mwanafunzi anamkaribisha, anamuuliza shida yake, na katikati ya mazungumzo simu inaita ili waone ataipokeaje bila kumtupa mgeni. Siku hiyo mtahini alikuwa mzee mwenye mvi kichwa kizima, kaja kutoka mkoa mwingine. Alipofungua mlango alimwona msichana. Alipopiga hatua mbili, msichana hakuwepo.

"Hakuwepo vipi?" niliuliza.

"Alikuwa chini! Kaunta yetu ni ndefu kwenda juu. Mzee anaona kiti kitupu, anasikia makofi yanapigwa chini ya meza. Akasema, 'Kuna mtu humu?' Chini kukajibu, 'Shikamoo baba.' Mzee akainama juu ya kaunta, miwani ikamdondoka. Akaitikia marahaba. Basi ndipo mdogo wako akaanza kumuuliza habari za nyumbani kwake, na watoto, na mahindi yamestawi vipi huko kwao. Simu ikaita. Ikaita. Ikakata. Ikaita tena. Yeye yuko kwenye mifugo."

Mwalimu aligeukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, nikajua anacheka na hataki nione.

"Baada ya mtihani nikamuuliza, kwa nini hukupokea simu? Akaniambia, 'Mwalimu, mzee alikuwa hajamaliza kunijibu.'"

Alipogeuka alikuwa hacheki tena. Alisema mtihani wa kurudia, ambao wanafunzi wanauita sapu, utakuwa baada ya Pasaka, na ni mara moja tu. Bila mapokezi hakuna cheti, hata awe anachapa kama mvua. "Nimemfundisha asimame," alisema. "Akiwa na wenzake anasimama vizuri kabisa. Akiona mvi, magoti yanakunjika yenyewe. Hilo siwezi kulitoa mimi. Limeingia nyumbani, litoke nyumbani."

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu amekunja sare yake ya chuo, ameiweka juu ya sanduku.

"Kaka, niache tu. Nitauza maandazi. Wenzangu wananipigia makofi nikipita. Wananiita Bibi Harusi, kwa kupiga magoti."

"Huwezi kuacha," nilimwambia.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nyumba hii ina nafasi moja ya mtu aliyeacha shule, na nimeshaikalia mimi. Kafue hiyo sare."

Hakucheka. Lakini aliifua.

Usiku nilifikiri, asubuhi nikamwendea mwenye mashine. Nilimwambia nataka kuweka meza pale mbele, ya mbao, ndefu ya kufika tumboni, na mdogo wangu akitoka chuoni awe anawapokea wateja kama ofisini. Anawakaribisha, anawauliza wanasaga nini, anawapa namba, anawaambia wakae wapi.

"Ofisi ya kusaga dona?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

Alikuna ndevu. "Wataacha kugombania foleni?"

"Nadhani wataacha."

"Weka meza."

Tuliitengeneza kwa mlango mbovu juu ya mapipa mawili. Simu ilikuwa gunzi la mahindi. Mlio wa simu nilikuwa mimi: nikiona ameshughulika na mteja, nazima mashine ghafla na kupiga kelele, "Kriii! Kriii!" Baada ya siku chache foleni nzima ilikuwa imejifunza. Mama mmoja akianza kriii, wote wanaitikia, na mdogo wangu anashika gunzi anasema kwa utulivu, "Habari ya mchana, hapa ni mashineni, nikusaidie nini?" Vijana wa bodaboda walisimamisha pikipiki zao barabarani waangalie.

"Mambo, sekretari!"

"Karibu kaka. Umeleta nini kusaga?"

"Nimeleta moyo wangu."

"Huo hausagiki hapa, mashine yetu ni ya nafaka. Anayefuata!"

Foleni ikavunjika kwa kicheko, na yule kijana akaitwa Moyo mpaka leo. Nilijua basi kwamba kwa watu wa rika lake hana tatizo lolote. Tatizo lilibaki palepale. Mzee yeyote akitokea na debe lake, mdogo wangu anazama nyuma ya mlango mbovu kama jiwe majini, na kinachobaki kuonekana ni gunzi.

Bibi alifika Jumamosi moja na ulezi wake kichwani. Habari alikuwa ameshazisikia, tena vibaya.

"Wewe," aliniita kabla hajatua mzigo. "Nasikia mjukuu wangu wamemfelisha kwa sababu ana adabu."

"Hapana, Bibi. Wamemfelisha kwa sababu ya simu."

"Simu ni mkubwa kuliko mzee?"

Wanawake kwenye foleni waliguna. Mmoja alisema, "Siku hizi ndiyo mkubwa, Bibi." Bibi akamwangalia mpaka akanyamaza.

Mdogo wangu alitoka chini ya meza, magoti yote vumbi na unga. Alimweleza Bibi mwenyewe, polepole. Alisema ofisini mgeni anakuja na wasiwasi wake, labda ana kesi, labda ana mgonjwa, na akifungua mlango anatafuta uso wa mtu. Asipouona uso anafikiri hapa hapana mtu wa kumsaidia. "Nikishuka, Bibi, mimi naona nimemheshimu. Yeye anaona kiti kitupu."

Bibi alitua ulezi. Alikaa juu ya gunia la mtu. Nikawasha mashine nikasaga debe la mtu mwingine, nikaizima tena.

"Mimi ndiye niliyempigisha magoti," alisema mwishowe. "Mama yake aliniachia akiwa hajui hata kusonga ugali. Sasa mnataka nani amnyanyue?"

Akajijibu mwenyewe.

"Nitakuja kila siku," alisema. "Lakini mniache nimkasirikie. Wazee wa ofisini wanaweza kuwa wabaya kuliko mimi."

Nikakumbuka. "Bibi, na ntumba zako?"

Ilikuwa majira yake. Kwetu mvua zinapokaribia kuisha, ardhi ikiwa bado laini, ndipo tunapolima ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo nyasi zinafukiwa ndani zioze, na mwaka unaofuata yanabomolewa na kusambazwa shambani ili ulezi upate nguvu. Ukikosa wiki hizo, udongo unakauka na jembe linaruka juu. Bibi alikuwa na shamba kule juu njia ya Milanzi, na alikuwa akilima peke yake, kidogo kidogo, kila siku.

"Ntumba zangu utalima wewe," alinijibu.

"Nitalima."

"Si sasa. Sasa nani ataendesha mashine? Utalima mvua nyingine. Na utalima zote."

"Zote, Bibi."

"Mmesikia?" aliwauliza wanawake wa foleni. Wakasema wamesikia.

Basi kila alasiri Bibi alikuja na fimbo yake, akatoka, akaingia kama mgeni. Siku za kwanza yalikuwa mateso. Mdogo wangu alisimama, mikono imeshika ukingo wa meza kama mtu anayeogopa kuanguka. Bibi anafoka, "Binti wa nani wewe, unanitumbulia macho? Huna mama?" Na kwa neno lile la mama magoti yanakunjika. Bibi anagonga meza kwa fimbo: "Magoti! Panda juu!" Mdogo wangu anapanda analia. Mara moja nilitaka kuingilia. Bibi akaninyooshea fimbo mimi, nikarudi kwenye mashine.

Kisha akaweza kusimama, lakini sauti ikawa mbaya. Kwa kuogopa kushuka alijikaza, na maneno yakawa yanatoka makavu kama ya askari wa getini. Wateja walisema afadhali chini ya meza.

Bibi ndiye aliyeliona tatizo. Siku hiyo alimsogeza kidogo, akazunguka mpaka upande wa pili wa meza, akasimama pale nyuma yeye mwenyewe. "Ingia wewe," alimwambia mdogo wangu. "Uwe mzee."

Mdogo wangu akaingia. Bibi hakushuka. Alisimama wima kama alivyo, mzee, kitenge na vumbi la unga, akainamisha kichwa kidogo tu, viganja vikakutana mara moja kifuani bila mlio, na akasema, "Karibu, mzazi wangu. Pumzika. Niambie kilichokuleta." Sijui nieleze vipi. Hakuna mtu pale ambaye hakujisikia amepigiwa magoti. Hata mwenye mashine, aliyekuwa akipanga magunia, alisimama akaitika, "Ahsante, mama."

"Umeona?" Bibi alisema. "Usiyatupe magoti. Yahamishie kwenye sauti."

Tangu siku hiyo kazi ikawa nyepesi. Mdogo wangu alipata sauti yake. Mimi nikamshambulia kwa kriii katikati ya salamu, Bibi akajifanya kiziwi, akajifanya amefiwa, akajifanya afisa mkubwa aliyenyimwa kiti, na kila mara alikuta uso juu ya meza na neno laini. Mvua zikawa zinapungua. Asubuhi nikitazama kule njia ya Milanzi niliona mashamba ya wengine yamejaa ntumba, na la Bibi limesimama na nyasi zake. Yeye hakulitaja.

Siku ya sapu nilisimama getini. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kusimama, nikasimama. Alipotoka alikuwa anatembea haraka, akaanza kukimbia, akanishika mikono yote miwili.

"Alikuwa yuleyule, kaka! Mzee wa mvi! Ameingia anaangalia chini ya kaunta kwanza!"

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia, 'Niko hapa juu, baba. Shikamoo, karibu sana.' Akaanza yeye kuniuliza habari za nyumbani, akaniuliza za mahindi, kusudi kabisa, na simu ikaita. Nikamwambia, 'Baba, naomba unipe nafasi nipokee simu hii, nakurudia sasa hivi, mahindi sijayasahau.' Nikapokea, nikaandika ujumbe, nikakata, nikamrudia. Nikamwambia mahindi yetu mwaka huu tumeyasaga sana."

"Akasema nini?"

"Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema, 'Leo imepona, haijadondoka.'"

Nilirudi mashineni nikawasha mashine bila nafaka ndani, ikaunguruma bure, na mwenye mashine hakunigombeza.

Kwa hiyo siku ile ya mahafali, wakati wa kiangazi, tulikuwa ukumbini sisi wote. Kila mhitimu akiitwa, mshereheshaji alikuwa anasema, "Wazazi wake wasimame tuwaone." Wanasimama baba na mama, watu wanapiga vigelegele. Nilikuwa nimeliogopa jambo hilo tangu nilipoliona linakuja. Likasomwa jina la mdogo wangu. "Wazazi wake wasimame tuwaone."

Nilisimama. Bibi akasimama. Mwenye mashine akasimama na kanzu yake, kitinda mimba akasimama. Mlangoni mwalimu wa mapokezi alikuwa amesimama tayari, ila akanyoosha mkono juu ili ahesabiwe. Mshereheshaji alisema, "Mh, huyu ana wazazi wengi," na ukumbi ukalipuka. Kitinda mimba akapiga kriii ya nguvu. Watu hawakuelewa, sisi tulielewa.

Mdogo wangu alipokea cheti kwa mikono miwili, akashuka jukwaani, akapita safu ya wageni waalikwa, akaja mpaka kwa Bibi. Nikaona anaanza kushuka.

"Panda juu!" Bibi alisema, na fimbo ikagonga sakafu. "Joho la kukodi hilo, utalichafua. Goti langu nitalipokea nyumbani."

Akalipokea nyumbani. Joho likiwa limerudishwa, mdogo wangu alipiga magoti kwenye udongo wa uani kwa Bibi, akapiga makofi taratibu, akatoa shikamoo, akaanza habari moja baada ya nyingine, zote alizokuwa amemnyima tangu ile Jumamosi ya ulezi. Katikati ya hapo simu yangu ikaita mfukoni. Nikaitoa. Bibi akaniangalia. Nikaiacha iite, ikakata, ikaita tena. Walipomaliza mpaka mifugo, tuliipigia namba ile. Alikuwa mnunuzi wa nafaka wa Laela, anayetaka mtu wa ofisi. Mwalimu wa mapokezi alikuwa amempa namba yangu. Alilalamika kwamba tumechelewa kupokea. Mdogo wangu akaishika simu, akasimama, akaongea naye kwa ile sauti. Tulipoisikia tu tulijua kazi ni yake.

Mdogo wangu yuko Laela sasa. Mzee akishuka kwenye basi na kuingia pale kuuliza bei ya mahindi, anapokelewa vizuri kuliko anavyopokelewa kwa mwanawe. Nimeambiwa na wengi, na wote nimewaamini.

Mvua za kwanza zilianza mwezi uliopita. Bado ni za kupandia, za ntumba ziko mbele, mwishoni mwa masika. Bibi amepanda kidogo tu mwaka huu, kwa kuwa sehemu kubwa ya shamba lake haina matuta ya kusambaza. Pengo lile nimeanza kulijaza mapema kwa unga kila wiki, anaupokea, anasema huo ni unga, haujapunguza hata tuta moja ninalodaiwa. Nimeweka mpini mpya kwenye jembe. Jana alipita mashineni, akauona umeegemea ukutani, akaujaribu kwa kiganja kama upo sawa.

"Zote," alisema.

"Zote, Bibi."